Je, Nia Njema Yatosha? Khabari ya Mti wa Mathenge

Mmoja katika wenzetu wa darsa alikwenda Hola kuwazuru wakwe zake, akarudi siku moja baada ya siku tuliyomtazamia. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba gari walilopanda liliacha njia kuu ili kufika kijiji kilicho karibu na mto, na kabla ya kufika lilichomwa mipira miwili na miba. Utingo akashuka, akatazama, akasema neno moja tu: "Mathenge." Wakakaa hapo tangu adhuhuri hata jua likakaribia kuchwa. Akapita mzee mmoja mfugaji, Muorma, pamoja na mbuzi wachache, akaketi nao kivulini. Mzee yule akamkamata mbuzi mmoja, akamfunua mdomo. Mbuzi, kama ajuavyo kila aliyechinja, hana meno ya mbele juu. Meno yake ya kukatia nyasi ni ya chini. Yule hata ya chini hakuwa nayo.

"Mwanangu," akasema mzee, "mti huu mliuleta nyinyi watu wa mjini."

Mwenzetu akajibu, "Si sisi, mzee wangu. Ni Serikali na wazungu wa misaada."

Mzee akasema, "Mimi sikuona tofauti. Wote mlikuja na kalamu."

Khabari hii ilipohadithiwa darsani, usiku wa kuamkia Ijumaa, palizuka mabishano yaliyotukalisha mpaka saa tano. Mmoja wetu alisema kwamba walioupanda mti ule walikusudia kheri, na kila mtu hupimwa kwa alilolikusudia. Basi hapana wa kulaumiwa, na lililopita ni majaaliwa. Mwingine akamjibu kwa ukali: "Mbuzi hali nia. Hula nyasi." Watu wakacheka, lakini kicheko hakikumaliza neno. Sisi twaona kwamba kila mmoja wa wawili hawa alishika ncha moja ya kamba, na kwamba swali lenyewe lastahili kuandikwa, kwani si la mti mmoja tu. Mtu akitenda jambo kwa nia safi, kisha likawadhuru watu wasiokuwa na kosa, je, nia yake yamtosha?

Kwanza yafaa kuijua khabari kama ilivyokuwa, maana wengi husema juu ya mathenge bila ya kujua ulitoka wapi. Wataalamu huuita Prosopis juliflora. Asili yake ni Marekani ya Kati, visiwa vya Karibi na upande wa kaskazini wa Marekani ya Kusini. Ni mti mfupi wenye matawi mengi yaanzayo karibu na ardhi, na penye ukame mkali huwa kichaka tu. Mathenge ni jina la mtu wa bara, na kwa Kikuyu thenge ni beberu. Na huu ndio mti uliokuja kuwang'oa mbuzi meno! Twawaonea huruma wote wenye jina hilo, kwani hakuna apendaye jina lake litukanwe kila gari linapotoboka mpira.

Katika nchi yetu kwanza kabisa hutajwa mwaka 1973, tena hutajwa hapa hapa kwetu, katika machimbo ya Bamburi. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa machimbo hayo. Kiwanda cha simiti kilianza kazi mwaka 1954, na kwa kila nyumba iliyojengwa kwa simiti yake palibaki shimo lililochimbwa katika mawe ya matumbawe, jeupe, lisilo na udongo, lenye maji ya chumvi chini yake na jua juu yake. Mwanzo wa miaka ya 1970 pakafanywa juhudi ya kuyafufua mashimo yale kwa miti. Mti uliofaulu zaidi ya yote ulikuwa mvinje. Nao mvinje ulikuwa na taabu yake: majani yake membamba yalianguka yakarundikana bila ya kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakubwa wakayala na kuyageuza udongo. Leo watu huwapeleka watoto wao huko kutazama viboko na kobe. Mathenge nao ulikuwa miongoni mwa miti iliyoletwa katika kazi hiyo. Twataja jambo hili kwa makusudi. Mti ulioletwa kuponya jeraha uliletwa kwa ajili ya jeraha ambalo sisi wenyewe, wenye nyumba za mawe na simiti, tulikuwa na sehemu katika kulipasua.

Mwanzo wa miaka ya 1980 ukapelekwa mbali zaidi. Ulipandwa Bura na Hola, kwenye Mto Tana, katika mashamba makubwa ya umwagiliaji, ili wakulima waliohamishiwa huko wapate kuni wasije wakaumaliza msitu wa kando ya mto. Ulipandwa pia Baringo, katika tambarare za Marigat, kwa msaada wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Nchi ile ilikuwa imechakaa kwa ukame na kwa malisho ya kupita kiasi. Upepo ulikuwa ukipeperusha udongo, na wanawake wakienda mbali kutafuta kuni. Wenyeji wenyewe, baadhi yao, waliipanda miche kwa mikono yao karibu na nyumba zao wakashukuru. Mti ukaota pasipoota kitu. Ukatoa kivuli. Ukatoa kuni ngumu zenye moto mkali. Ukatoa maganda matamu ambayo wanyama waliyakimbilia. Lau mtu angaliandika khabari zake mwaka 1985 na kukomea hapo, angaliandika sifa tupu, wala asingalikuwa mwongo.

Na utamu ule ndio uliokuwa mlango wa balaa.

Mbuzi au ng'ombe akila maganda ya mathenge, nyama ya ganda humeng'enywa, lakini mbegu ina ganda lake la ndani, gumu, nayo hupita tumboni salama. Zaidi ya hayo, safari ile ya tumboni huilainisha ikawa tayari kuota, kisha ikaangushwa mahali pengine ndani ya samadi, yaani pamoja na mbolea yake. Hapana mkulima awezaye kupanda vizuri kuliko hivyo. Mbuzi huenda malishoni, ng'ombe huenda mtoni, ngiri na nyani nao huyapenda maganda. Na mafuriko yajapo huzichukua mbegu mpaka kando za maziwa na vijito. Basi mti ulioambiwa ukae ndani ya ua ukatoka na mifugo, ukafuata njia zao zote, na mwisho ukazifunga njia zenyewe. Ukikatwa, kisiki hutoa machipukizi mengi mahali pa shina moja, nao ukawa mnene kuliko ulivyokuwa. Mizizi yake huteremka chini sana kutafuta maji. Huko Arizona mizizi ya jamaa wa mti huu ilikutwa shimoni kina cha zaidi ya mita 50. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, majani ya miti mingine yanapopukutika, mathenge husimama umekoza kijani, na mgeni apitaye husema: nchi hii imebarikiwa.

Haya tazama chini yake. Chini ya mgunga, mti wa asili wa nchi zile, nyasi huota, na mara nyingi huwa nzuri kuliko za uwandani, kwani mgunga hutoa kivuli chepesi na kuurutubisha udongo. Chini ya mathenge uliosongamana ardhi huwa tupu. Nyasi hukosa jua, hukosa maji, na majani yaangukayo yana kitu kizuiacho mbegu nyingine zisiote. Hata miche ya mgunga wenyewe haipati nafasi ya kukua. Basi kwanza huondoka nyasi, kisha migunga, kisha wadudu na ndege waliozoea vitu hivyo. Na mfugaji, ambaye riziki yake yote imesimama juu ya nyasi, huondoka mwisho, au hubaki akitazama. Mbuzi asiye na kingine hula maganda matupu siku zote, na sukari ile huoza meno yake na kumdhuru taya na tumbo. Huyo ndiye mbuzi aliyeonyeshwa mwenzetu.

Hesabu ya Baringo imefanywa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Mwaka 1988 mathenge ulikuwa umeshika hekta 882. Mwaka 2016 ulikuwa umeshika hekta 18,792. Yaani katika miaka 28 uliongezeka zaidi ya mara ishirini na moja, na kila mwaka kwa wastani ulijitwalia hekta 640, nazo ni zaidi ya ekari elfu moja na nusu. Sehemu kubwa ya hizo ilikuwa nyasi, na sehemu isiyo ndogo ilikuwa mashamba ya maji na migunga. Kwa jirani zetu wa Ethiopia, katika nchi ya Waafar, umeshika zaidi ya hekta milioni moja.

Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishitaki Serikali kwa ajili ya mti huu, wakaenda mpaka Nairobi na mbuzi asiye na meno awe ushahidi wao. Magazeti yalilifanya jambo lile kuwa mzaha, na twakumbuka kwamba hata katika baraza zetu za kahawa watu walicheka. Mbuzi kortini! Lakini hebu tujiulize, maskini yule angalileta nini? Hana karatasi za wataalamu, hana picha za angani. Alileta alichokuwa nacho. Hukumu ya korti ni kazi ya mahakimu, nasi hatuigusi. Sisi twaitazama dhamiri. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, Serikali yenyewe iliuandika mathenge katika orodha ya magugu mabaya ambayo sheria yataka yaangamizwe. Mti uleule uliopandwa kwa fedha za umma ukawa ni kosa kuuacha uote.

Turudi sasa kwenye swali. Wanazuoni wa fiqhi wametenganisha mambo mawili ambayo sisi wa siku hizi twapenda kuyachanganya: dhambi na dhamana. Aliyelala usingizi, akajigeuza, akaivunja birika ya mwenyeji wake, hana dhambi, maana aliyelala hana kusudio. Lakini birika italipwa. Haulizwi alikusudia nini. Yaulizwa birika ilikuwa ya thamani gani. Kwa hiyo yule mwenzetu aliyesema kwamba walioupanda mti walikusudia kheri alisema kweli katika mlango wa dhambi, akaingiza maneno yake katika mlango wa dhamana, na huko hayana kazi. Nia njema huusafisha moyo wa mtendaji. Haiziotesh­i nyasi.

Lakini hapo pana pingamizi, nayo ni ya haki. Mtu atasema: ikiwa kila atendaye kheri atalipishwa kila kitokacho baadaye, ni nani atakayethubutu kutenda lolote? Atakaa mikono mifukoni, na watu wa Marigat wangaliachwa na vumbi lao. Kutotenda nako ni kutenda. Wanawake waliokuwa wakitembea nusu siku kutafuta mzigo wa kuni walikuwa na haki ya kusaidiwa, na aliyewapita bila ya kuwatazama asijione bora kuliko aliyekosea katika kuwasaidia.

Jawabu twalipata katika mas'ala mengine ya hao hao wanazuoni, nayo ni ya moto. Mtu amewasha moto katika shamba lake mwenyewe, achome magugu. Moto ukaruka ukaunguza shamba la jirani. Je, atalipa? Wao hawakusema ndiyo wala hapana mpaka waulize kwanza: siku ile palikuwa na upepo? Ikiwa hewa ilitulia, naye akawasha moto wa kiasi kama desturi ya watu, kisha likatokea lisilotazamiwa, hadaiwi. Ikiwa aliuwasha upepo ukivuma, au aliwasha mkubwa kupita haja yake, basi alipe, ijapokuwa shamba ni lake na nia yake ilikuwa kusafisha.

Basi mathenge uliwashwa siku ya upepo, au siku ya utulivu?

Kwa maoni yetu palikuwa na upepo, na ulikuwa ukisikika. Huko Texas wafugaji walikuwa wakipigana na jamaa za mti huu miongo mingi kabla ya 1973, kwani ng'ombe wao walikuwa wamezieneza mbegu katika malisho. Afrika ya Kusini iliupokea jamaa yao katika karne ya 19 kwa ajili ya kivuli na chakula cha mifugo, ikaona yaliyoifika. Sudan iliuingiza mathenge mwaka 1917, na mwaka 1995 ikaamuru ung'olewe. Hatusemi kwamba kila bwana misitu angalijua khabari za Texas. Twasema kwamba zilikuwa zimeandikwa, na mwenye kuleta kiumbe hai kutoka bara jingine ana wajibu wa kuuliza kwao kiumbe kile kilikuwa na tabia gani, kama vile mzazi anavyouliza tabia za kijana anayekuja kumposa binti yake. Hapana mzazi atosheleshwaye na neno la kijana mwenyewe.

Na upepo wa pili ulikuwa karibu zaidi. Upepo wa moto huu ni mbuzi. Muulize mfugaji yeyote, asiyejua kusoma wala kuandika, mgunga huota wapi. Atakuambia huota mahali palipolala mifugo, kwa sababu mbuzi hula maganda yake na mbegu hutoka nzima. Jambo hilo kwake si elimu, ni maisha ya kila siku. Lau angaliulizwa, "Twataka kuleta mti wenye maganda matamu kuliko ya mgunga, wenye miba, usioliwa majani, wasemaje?", huenda angaliyaona katika dakika moja yaliyochukua miaka ishirini kuonekana ofisini. Majani ya mathenge hayapendwi na wanyama, na hilo lilihesabiwa kuwa sifa, kwamba miche haitaliwa. Mfugaji angaliuliza: kisicholiwa kitapunguzwa na nini? Mgunga una maadui zake wa asili, wadudu watoboao mbegu zake na wanyama walao majani yake, nao humweka mahali pake. Mathenge ulikuja peke yake. Maadui zake walibaki ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo twaona kwamba kosa halikuwa katika kutenda, bali katika kutouliza. Tena twaongeza, ingawa baadhi ya wenzetu hawakukubaliana nasi hata mwisho wa kikao: nia ya kumsaidia mtu bila ya kumuuliza haijakamilika kuwa nia njema. Ndani yake mmechanganyika kitu kingine, nacho ni kujiona kwamba wewe wajua na yeye hajui. Ndiyo maana mzee wa Kiorma hakuona tofauti baina ya Serikali, wazungu na mwenzetu aliyekwenda kuwaona wakwe. Alichokiona ni kalamu.

Hapa yafaa tukatae fikira moja inayovutia watu wengi, kwamba mti huu ni mbaya kwa kuwa ni mgeni. Hilo si neno. Mkorosho ulitoka Brazil. Mwembe ulitoka Bara Hindi, na mwarobaini pia. Muhogo na mahindi vilivuka bahari. Ukiwafukuza wageni wote katika shamba la mtu wa pwani, hutamwachia chakula cha mchana. Na ukianza kuwahesabu wageni katika watu wa pwani, sijui atabaki nani wa kuhesabu. Wala mti wenyewe hauna roho ya uovu. Ndugu zetu walioko Oman na Imarati waujua mti wa ghaf, ambao ni jamaa wa karibu wa mathenge, nao ni mti wa asili wa jangwa lile, unaowapa watu na ngamia kivuli na malisho tangu zamani, hata Imarati wameufanya mti wa taifa lao. Na huko huko mathenge umeingia, unamsonga ghaf na kumnyang'anya maji. Miti miwili ya ukoo mmoja. Mmoja una mipaka yake katika nchi ile, na mwingine hauna. Kumchukua mtu mwema kwao na kumweka mahali asipojua mpaka wake, huenda ikawa ndiko kumharibu.

Jambo la kulipa ndilo lililotushinda kulimaliza. Nani atalipa? Mabwana misitu wa siku zile wengi wamestaafu au wamefariki. Mashirika yamebadili majina na maafisa. Serikali ni sisi sote. Na deni lenyewe lina sura ngumu: mti umekwisha kuwa riziki ya watu. Makaa ya mathenge ni mazuri, mazito, hayazimiki upesi. Watu wa Baringo na Tana wanayachoma na kuyauza, na baadhi yao wamesomesha watoto kwa makaa hayo. Wengine husaga maganda pamoja na mbegu zake wakapata chakula cha mifugo, na mbegu iliyosagwa haioti. Hiyo twaiona kuwa hekima, kwani humnyang'anya mti silaha yake na kuifanya chakula. Afrika ya Kusini, mwaka 1987, walileta wadudu wa kula mbegu tu, wasiguse mti, ili wenye faida wasidhurike. Kwa hiyo wako wanaosema: uacheni, umekuwa wetu. Na wako wanaosema: ung'oeni hata wa mwisho. Mwenye mbuzi na mwenye tanuri la makaa hawakai upande mmoja, na wote wawili ni maskini.

Sisi hatuwezi kumwambia mchoma makaa afe njaa kwa ajili ya nyasi. Lakini faida yake haifuti dhara ya jirani yake, na mchoma makaa akatapo shina na kuacha kisiki, ameuzidisha mti maradufu kwa jirani yule. Na sisi wa mjini tusidhani tumekaa pembeni. Tunapika kwa makaa hayo; mwaka hata mwaka magunia hushuka kwa malori, na hakuna mmoja katika sisi aliyewahi kumuuliza muuzaji kama kisiki kiling'olewa. Tena kuna khabari ya kuwatia hofu hata wasiojali mbuzi. Huko Mali, katika vijiji vya upande wa Bandiagara, wataalamu walikata matawi yenye maua ya mti huu huu, na mbu wakapungua sana, kwa kuwa mbu huishi kwa sukari ya maua, na mathenge huchanua hata wakati ambapo maua mengine hayapo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Basi mti uliopandwa kwa ajili ya kuni umekuwa pia ukimlisha mbu wa malaria, na hilo nani angalilikusudia?

Kuung'oa kwenyewe kwawezekana, ila si kazi ya siku moja wala ya mtu mmoja. Shina lazima likatwe chini ya uso wa ardhi, chini kuliko pale machipukizi yanapoanzia. Anayekata juu apoteza jasho lake. Kisha mahali hapo papandwe nyasi mara moja, palindwe mifugo isiingie mpaka nyasi zishike, na mbegu zilizobaki udongoni zing'olewe zikiwa changa, mwaka baada ya mwaka, kwani zaweza kukaa miaka mingi zikingoja mvua. Yataka fedha, na yataka watu wakubaliane. Kwa akili yetu fedha hizo si sadaka. Wailchamus na Waorma na Wapokomo wasiandikwe katika daftari la wanaosaidiwa. Waandikwe katika daftari la wanaodai. Watu wengi watasema tofauti hiyo ni ya maneno tu. Anayesaidiwa hushukuru kwa anachopewa hata kikiwa kidogo, na hungoja. Anayedai huuliza lini.

Katika kikao cha pili juu ya jambo hili, mmoja wetu, ambaye siku ya kwanza alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba nia yatosha, alitueleza jambo alilolinyamazia. Ana kiwanja nje ya mji, na miaka kumi iliyopita alikizungushia ua wa mathenge, kwa kuwa aliambiwa ni mzuri kwa wezi. Tangu hapo jirani wa upande wa mashariki, ambaye ana ng'ombe wawili, hujikuta kila mvua akiwa na michipuko katika shamba lake la muhogo, naye huing'oa wala hajasema kitu. Tukaenda Jumapili, watu saba, na majembe mawili na shoka. Mpaka alasiri tulikuwa tumetoa visiki vinane, kila kimoja tukikichimba mpaka kiwiko cha mkono kizame, na mikono yetu haikusalimika. Cha tisa kimeota chini ya ukuta wa jirani, hakichimbiki bila ya kuufunua msingi wake. Naye jirani amesafiri, na mkewe alisema hawezi kutupa ruhusa. Tumekiacha mpaka arudi.